Isafishe Kabisa

Manundu, Korogwe

Mwanangu Shabani,

Umeondoka asubuhi kwenda Kang'ata kumuaga bibi yako, nami nimefunga duka mapema ili nikuandikie. Wateja wamegonga, nimewaambia umeme umekatika. Umeme upo. Huo ni uongo mdogo, na humu ndani utakutana na mwingine mkubwa zaidi, kwa hiyo uanze kuzoea.

Sitakuandikia habari za soksi, wala chandarua, wala kwamba Mbeya kuna baridi. Hayo nimeshayasema mpaka umeanza kuyasema pamoja nami kwa kunigeza. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa. Laptopu ya baba yako iko juu yake ndani ya mkoba wake mpya, na barua hii nakusudia kuiweka humo, kati ya kifuniko na vitufe, ili usiweze kuiwasha huko uendako kabla hujaisoma.

Nianze na jambo lenyewe, maana nikilizunguka sitalifikia. Sauti ya baba yako haimo tena kwenye laptopu. Maneno yote aliyokurekodia yamepotea, na aliyeyapoteza ni mimi. Juzi uliponiuliza, "Mama, ile folda utanifungulia lini?" nikakujibu kwamba tutaifungua pamoja kabla hujapanda basi, nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna cha kufungua. Nilikujibu huku nakata vitunguu, ukaona machozi, ukanitania kwamba nimeanza kukulilia mapema. Nikakuacha uamini hivyo.

Unajua hali iliyokuwa nayo hiyo laptopu. Ukiiwasha, ulikuwa unaweza kusonga ugali na kuchambua mchicha kabla haijafunguka. Windows iliyokuwemo iliwekwa na kijana mmoja wa stendi enzi za baba yako, na kwenye kona ya chini kulikuwa na maandishi yasiyotoka, yakitukumbusha kila siku kwamba haikuwa halali. Mpya ilikuwa haikubali kuingia, mashine yenyewe ni ya zamani na kumbukumbu yake ni ndogo. Wewe ukasema utaazima za wenzako chuoni. Mimi nikasema mwanangu hataanza chuo kwa kuazima. Uwezo wa kununua nyingine hatuna, hilo tumeshalizungumza.

Nikaibeba kwa Fundi Mhina, yule mwenye banda la bluu nyuma ya soko. Alikuwa fundi redio mpaka redio zilipowaishia watu, akahamia kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, na bado anazifungua kompyuta kama mtu anayetafuta betri za redio. Akaiweka mezani, akaisikiliza feni yake, akatikisa kichwa.

"Mama Shabani, hii haijafa," akaniambia. "Imebebeshwa mzigo usio wake. Tuiwekee Linux."

Nikamuuliza hiyo Linux ndiyo nini, kwa sauti ya chini, maana pale bandani walikuwepo watu wanaokuja kuchapa kwangu.

"Ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila huu ni huria. Walioutengeneza wameuacha wazi. Anayejua kuurekebisha anaurekebisha, anayetaka kuutumia anautumia. Hakuna wa kukudai leseni."

"Kitu cha bure, hapa Korogwe?"

"Si cha Korogwe, mama. Ndiyo maana ni cha bure."

Akanionyesha jambo ambalo mpaka sasa naliona la ajabu. Mfumo mzima unaweza kukaa kwenye flashi. Unaichomeka, laptopu inawaka kwa kutumia hiyo flashi, unazunguka humo utakavyo bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine. Ukichomoa, kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Hizo Linux ni nyingi, kila kundi la watu limetengeneza ya kwake, na Fundi alikuwa na flashi kadhaa alizozifunga utepe wa rangi mbalimbali. Nikakaa kwenye stuli yake tukajaribu moja baada ya nyingine. Kwa kuwa nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hazigusi kitu, nikaondoa wasiwasi wote, na wasiwasi huo ndio ningeuhitaji baadaye.

Ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Picha kubwa, rangi za kupendeza, kila kitu kinateleza kwenye kioo. Feni ikaanza kupiga kelele, kisha kila kitu kikaganda. Ya pili ilikuwa nyepesi ajabu, ila ilikuwa na kioo cheusi na inataka uiandikie amri kwa maneno.

"Hii ndiyo ninayotumia mimi," Fundi akasema, na nilimwona anavyoipenda.

"Wewe huna darasa kesho asubuhi," nikamwambia.

Ya tatu haikunivutia mara moja. Ilikuwa na kitufe kule chini kushoto, mahali ambapo mkono wangu ulikwenda wenyewe bila kuuliza. Folda zilikuwa na majina ya Kiswahili. Waifai ya simu yangu ikanasa yenyewe, sauti ikatoka, na printa niliyoibeba kutoka dukani kwa bodaboda ikachapa ukurasa bila kudai kitu. Fundi akaniambia hiyo itaendelea kupata marekebisho kwa miaka, na ina watumiaji wengi, kwa hiyo ukikwama ukauliza mtandaoni hutakosa wa kukujibu. Tukaichukua hiyo. Sikuichagua kwa kuwa ni bora kuliko zote. Utakuwa mgeni wa mambo mengi huko, na sikutaka laptopu nayo ikufanye mgeni. Siku ukijisikia umeizoea, hamia kwenye ile nyeusi ya Fundi ukipenda, sitakuzuia.

Halafu akaniuliza swali.

"Niiweke pembeni ya ile ya zamani, au niisafishe?"

Hapo nisikilize vizuri. Kwetu sisi wa steshenari, kusafisha mashine ni kufungua fotokopi, kutoa ule unga mweusi uliomwagika ndani, kupuliza vumbi kwa blowa na kufuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti. Fundi wa fotokopi akija kutoka Tanga husema, "Mama, leo naisafisha," nami namletea ndoo na matambara. Nimelisikia neno hilo kwa maana hiyo tangu nifungue duka. Kwa mafundi wa kompyuta, kusafisha ni kuondoa vyote vilivyomo, diski ibaki tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Yeye aliniuliza la kwake. Mimi nikasikia la kwangu.

"Isafishe, Fundi," nikasema. "Isafishe kabisa. Ilikaa kabatini miaka, na mpaka leo vitufe vina vumbi la Kang'ata."

Akacheka. "Kila kitu?"

"Mwe, sasa utasafisha nusu? Mtoto anakwenda ugenini. Kila kitu."

Unanijua mimi na vumbi. Hujawahi kuingia nyumba hii kutoka Kang'ata bila kuambiwa ufute viatu mlangoni, na baba yako naye hivyo hivyo. Nimelelewa hivyo. Kwetu Magoma mtu anayeondoka hapewi kitu kichafu, na mama yangu aliliosha hata jembe alilonipa nilipoolewa. Kwa hiyo nilisema kila kitu kwa moyo mmoja, nikajiona mama mwenye kujali. Kabla sijaondoka Fundi alisema jambo jingine, kwamba folda utaanza nazo upya. Sikulielewa. Nikatikisa kichwa kama ninayelielewa, kwa sababu wale watu walikuwa wananitazama, na mtaa mzima huu unaniita mama wa kompyuta.

Fundi hakuniuliza kama kuna vitu vya kuhamisha, na simlaumu. Mimi ndiye ninayewagombeza wanafunzi wakija kuchapa ripoti zao: weka nakala mbili, moja kwenye flashi, nyingine kwa mwenzako. Flashi nauza. Zinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa changu kama vitunguu saumu. Mtu wa namna hiyo unamuulizaje kama amehifadhi vitu vyake?

Niliichukua jioni ikiwa inang'aa. Alikuwa ameifuta na vumbi pia, mpaka kwenye mianya ya vitufe, kwa brashi. Nikaiwasha hapa mezani, ikafunguka kabla sijakaa vizuri. Nilifurahi, Shabani. Wewe ulikuwa kwenye mpira, na mimi nilikaa peke yangu nikifungua hiki na kile na kuandika jina lako kwa herufi kubwa ili nione linavyopendeza. Nikaizima, nikaiwasha tena, kwa raha tu ya kuiona inavyowahi. Ndipo nikataka kuiona folda yako ikiwa mahali pake papya. Nikatafuta kwenye Nyaraka, kwenye Muziki, kwenye Picha. Folda zote zilikuwepo, na ndani hamkuwa na kitu. Nikatafuta tena tangu mwanzo, nikidhani nimekosea njia, mpaka nikaacha kujidanganya na kumpigia Fundi.

Aliponiambia alichokifanya, aliniambia kwa furaha. "Si ulisema kila kitu, mama?"

Nikasema ndiyo, nilisema.

Sasa nikuambie kilichokuwemo, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu sikijui.

Ulikuwa hujaanza shule. Baba yako alikuwa bado bwana shamba wa kule Handeni, na figo zake zilipokataa aliomba apelekwe kwao Kang'ata, kwa mama yake. Mimi nikabaki hapa na wewe kwa ajili ya duka, nikawa nakwenda kila mwisho wa juma, nashuka Handeni mjini, nangoja gari, nafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa namkuta chumbani kwa bibi yako, laptopu iko kwenye kigoda, waya wa sola umepita dirishani, na bibi yako amekaa chini miguuni pake anapukuchua mahindi. Baba yako anaongea. Mimi niko jikoni upande wa pili wa ukuta, namsikia anaongea kwa muda mrefu, kwa Kizigua, anacheka peke yake, anaendelea.

Siku moja nikaingia nikamuuliza, "Unaongea na nani?"

"Na Shabani mkubwa," akasema.

"Kwa Kizigua? Mtoto hajui hata kuomba maji kwa Kizigua."

"Kiswahili ataongea na kila mtu. Akitaka kujua nilichosema, itabidi aje hapa atafute wa kumwelezea. Akija kunitafuta mimi, atakuwa amewapata na hawa." Akamwonyesha mama yake kwa kidevu. Kisha akaniambia, "Usimpe sasa. Mpe siku anayoondoka nyumbani."

Nikaitikia, na moyoni nikaudhika. Mimi ni Msambaa, nimeolewa kwa Wazigua nikaishi nao miaka, na lugha yao sikujifunza kwa dhati. Walipocheka nilicheka. Waliponyamaza nilinyamaza. Nikaona mume wangu amekaa na mwanangu kwenye chumba ambacho mimi siingii, na amenikabidhi ufunguo niwe mtunzaji wake. Wivu wa namna hiyo mtu hausemi kwa mgonjwa. Niliutia kwenye kazi, nikamwoshea mashuka, nikamkandamizia mito, nikarudi Korogwe Jumapili jioni bila kumuuliza alichokuambia. Ningemuuliza angenieleza. Alikuwa mtu wa kueleza mambo, unakumbuka hata wewe.

Baada ya msiba nilizifungua rekodi hizo mara moja tu. Nilibonyeza faili la kwanza, akakohoa. Kule kukohoa kwake kwa kusafisha koo alikokuwa anaanza nako mikutano ya wakulima. Nikafunga kabla hajasema neno. Nikajiambia nitasikiliza siku nyingine nikiwa na nguvu, na nitazihamishia kwenye flashi siku hiyo hiyo. Nikaitia laptopu kabatini. Ulipoanza kuitumia kwa masomo nilikufungia ile folda kwa neno la siri, nikakwambia siku yake bado. Uliniuliza kila mwaka. Nilikuwa najivunia ninavyotunza ahadi, na kumbe nilikuwa naogopa tu kumsikia.

Ningekuwa nimesikiliza, hata bila kuelewa, leo ningekuwa na cha kukusimulia. Ningekwambia hapa alicheka, hapa alinyamaza sana, hapa alitaja jina la fulani. Sina. Nina ukuta wa jikoni na sauti inayopita ndani yake.

Fundi alijitahidi. Alilifunga banda lake, akanikataza nisiiwashe tena, kwamba kila inapowaka inaandika juu ya vile vya zamani. Nilikuwa nimeshaiwasha na kuizima sana, kwa ile furaha yangu. Akaweka programu ya kuchimbua vilivyofutwa, akaiacha ikichimba, nami nikawa nasingizia kwenda sokoni ili nikamchungulie. Vikatoka vipande. Picha ya shamba la mihogo ambayo nusu yake ni kijivu. Ripoti za baba yako zilizojaa vijisanduku badala ya maneno. Mafaili ya sauti yasiyokubali kufunguka, isipokuwa moja, fupi.

Ni kule kukohoa. Anasafisha koo, kisha kimya. Kile kile nilichokuwa nimekisikia ndicho nilichorudishiwa.

Fundi Mhina alikaa akitazama mikono yake. "Ningekuuliza kwa Kiswahili cha kawaida, Mama Shabani," akasema. Nikamwambia mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. 

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri bibi alikuwepo, alisikia yote. Nami nilifikiri hivyo. Siku ile niliyokwambia nakwenda Handeni kuleta karatasi za duka, nilikwenda Kang'ata. Nilimkuta uani, nikamwamkia, akanishika mkono akaniuliza mwanawe anarudi lini kutoka mashambani. Nikamwambia bado. Nikamuuliza taratibu, nikimtumia shangazi yako anitafsirie, zile siku mwanao alipokuwa anaongea na kompyuta, alikuwa anasema nini?  Akasema alikuwa anaongea na mtoto. Nikamuuliza anamwambia nini. Shangazi yako akacheka kidogo kabla ya kunitafsiria: "Anasema ni mambo ya mtu na mwanawe." Bibi yako akarudi kwenye mahindi yake.

Leo naamini amekuita wewe kwa jina la baba yako, na naamini umeitika. Umekuwa ukifanya hivyo bila kufundishwa na mtu, na nimekuwa nikikuona.

Sasa unakwenda, na ninapaswa kukuambia nimejifunza nini. Sina hakika kama nimejifunza. Ninachojua ni kwamba aibu ya kuuliza mbele za watu inaisha ukifika nyumbani ukavua viatu, na hii nyingine haijaisha. Chuoni watakutajia maneno unayoyajua, na wenyewe watakuwa na maana nyingine. Utaona wenzako wote wanatikisa vichwa. Uwe wewe unayesema, samahani, unamaanisha nini. Watakucheka. Mimi ningelipa chochote nirudi pale bandani wanicheke.

Na ukipewa kitu cha kutunza, kitumie. Usikiweke hadi siku yake. Siku yake niliingoja kwa uaminifu, ikaja, na sina kitu mkononi.

Laptopu yenyewe ni nzuri, usiichukie kwa ajili yangu. Neno la siri la kuifungulia ni jina la mbuzi wetu wa zamani, kwa herufi ndogo. Ikikuambia kuna marekebisho, yakubali ukiwa na chaji. Mtu asikupe amri ya kuandika usiyoijua maana yake, hata akiwa mwalimu. Na nimekufungia flashi kwenye pindo la mkoba, ile nyekundu. Nimeitoa ukutani nyuma ya kichwa changu.

Ndani ya flashi kuna folda ya jina lako, na nyingine kama hiyo iko kwenye laptopu, na nyingine kwenye kompyuta ya dukani. Ina mafaili mawili. La kwanza ni baba yako anasafisha koo. La pili ni langu. Nimelirekodi leo mchana baada ya kuwafukuza wateja. Nilitaka kukuambia kwa Kizigua yale maneno machache niliyowahi kuyadaka kupitia ukuta, nikijua siyajui vizuri. Nimesema mawili au matatu, nikakwama. Sehemu kubwa ni mimi nimekaa, na mashine ya kusaga ya jirani, na mtu anayegonga mlango akiuliza kama tumefungua. Wapelekee Kang'ata wakusikilizie. Watacheka matamshi yangu. Shangazi yako huenda akatambua neno moja, na neno moja ni zaidi ya nilichonacho mimi.

Siku moja fundi mwingine, wa Mbeya au wa popote, atakuuliza aisafishe. Muulize kwanza kusafisha kwake ni kufanya nini.

Shabani, nimeandika mpaka hapa nikageuka kulitazama sanduku, na nimeghairi. Nilitaka barua hii uikute huko, mbali, ili nisiuone uso wako. Uone nilivyo. Nimekuficha kwa wiki nzima, na bado nilikuwa natafuta namna ya kukuficha kwa siku moja zaidi, niipate safari yako ikiwa na tabasamu stendi. Ukiisomea Mbeya utakuwa peke yako nayo, kama nilivyomwacha baba yako peke yake na laptopu na mama yake chumbani. Sitaiweka kwenye mkoba. Nitakupa mkononi leo ukiingia, na nitakaa hapa hapa wakati unaisoma. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunisema, nitakusikiliza mpaka mwisho, sitakufunga katikati. Kesho alfajiri nitakusindikiza stendi kwa vyovyote, hata ukitembea mbele yangu.

Gari la Handeni limeshafika, nawasikia watu wanateremka na mizigo yao pale barabarani. Utakuwa umejaa vumbi la Kang'ata, viatu mpaka suruali. Leo usilifute mlangoni. Ingia nalo.

Mama yako